Ardhi Haiendi Sokoni

Jumamosi iliyopita mvua iliwazuia wengi wenu kufika ukumbini Kisumu, nilikozungumza juu ya kuchagua miche inayoifaa ardhi yako, na simu yangu haijatulia tangu siku hiyo: "Tuandikie ulichosema." Basi nimeandika, karibu vilevile nilivyosema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Hata waliokuwepo hawakuziona zote, maana stima ilipotea mara mbili.

* * *

Mama mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mliosimama nyuma ilhali viti vipo hapa mbele: hamjambo? Na watu wa nyumbani, oyawore?

Wengine mnanijua kwa jina, wengine mnanijua kwa kitalu. Mimi ni yule mama wa miche kando ya barabara kule Nakuru. Lakini kitovu changu kimezikwa hapa karibu, tambarare za Kano, upande wa Ahero. Nilizaliwa chini, nikaolewa juu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimepanda na kushuka kwa matatu, na sikumbuki safari hata moja ambayo sikuwa na mche katikati ya miguu.

Nianze kwa kuungama, kwa kuwa tuko kwenye ukumbi wa kanisa. Nimewahi kuuza miche niliyojua itakufa.

Mnacheka? Sikilizeni jinsi inavyokuwa. Mtu anasimamisha gari, anashuka, anaona ua, macho yanamtoka. "Mama, hii pesa ngapi?" Nami nataja bei. Haniulizi ua linataka nini. Mimi simuulizi analipeleka wapi. Analipa, analitia kwenye buti, huyoo. Baada ya miezi miwili anarudi kununua lilelile, anasema la kwanza lilikataa. Anakasirika kidogo, ananunua, anaondoka. Biashara yangu inakwenda vizuri kabisa!

Lilikataa? Au lilipelekwa mahali ambapo hata wewe mwenyewe ungekataa?

Leo nimekuja kuiharibu biashara hiyo. Mche unaweza kutolewa Nakuru, ukatolewa Limuru, ukatolewa hata Uholanzi. Ardhi yako haitoki pale ilipo. Ardhi haiendi sokoni. Wewe ndiye unayeenda. Na mtu akitumwa sokoni, si huulizwa kwanza wa nyumbani wanahitaji nini? Mbona basi tunaenda kununua miche kabla ya kumuuliza aliyetutuma?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sawa. Jembe usichague. Mche, tafadhali, chagua.

Sasa, ni nani humu ndani hajawahi kupanda matatu kutoka Nakuru mpaka Kisumu? Hakuna. Ni kama kilomita 180, na wengi wetu huzilala zote. Safari ijayo msilale. Nakuru iko juu ya usawa wa bahari mita 1,850 hivi. Ukipita Salgaa gari linaanza kulia, mnapanda, mnapanda, mpaka Mau Summit, karibu mita 2,500. Hapo abiria wanafunga madirisha na kuvuta masweta, na dirishani mnaletewa nini? Viazi, karoti, kabichi. Mkiteremka Londiani na Kericho ni majani chai, kilima baada ya kilima, kama zulia. Teremka tena, masweta yanavuliwa, madirisha yanafunguliwa, Awasi miwa inaanza. Ahero ni mpunga. Ukifika Kisumu uko kwenye mita 1,130 tu, na jasho linakuambia hivyo kabla ya utingo.

Hakuna aliyepanga mimea hiyo kwa mstari. Joto ndilo liliipanga. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa takriban nyuzi 6. Kati ya Nakuru na Kisumu basi kuna tofauti ya nyuzi nne na kitu. Kwa binadamu hiyo ni sweta moja. Kwa mmea ni kuzaa au kutozaa.

Nitawaambia nilivyojifunza. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilitaka kumwonyesha mama yangu kwamba nimeolewa mahali pazuri. Nikapata nusu gunia la viazi vya mbegu kutoka Molo, nikavileta Ahero. Mama akapanda. Nikarudi baada ya miezi miwili: majani, jamani! Majani yamesimama mpaka magotini, kijani kibichi, majirani wanapita wakisimama kutazama. Mama akawa ananisifia kijiji kizima. Siku ya kuvuna tukachimba shina la kwanza. Gololi. Shina la pili, gololi. Watoto walizichukua wakaenda kuzichezea. Mama hakusema neno. Alichukua karai lake akaingia ndani, na jioni ile tulikula ugali.

Nini kilitokea? Kiazi cha kizungu kinatunga viazi vyake vizuri usiku ukiwa wa baridi. Usiku ukiwa na joto, chakula chote kinakwenda kwenye majani. Mbolea isingesaidia. Maombi nayo, samahani mchungaji, yangesaidia kidogo.

Pareto nayo ni hivyo. Baba mkwe wangu alilima pareto miaka mingi, na alikuwa akisema mmea ule lazima utetemeke kwanza ndipo ucheke. Ni kweli: bila kuguswa na baridi, vichipukizi vya maua havitungwi ipasavyo. Na pareto ni maua, ndiyo yenye dawa ya wadudu, ndiyo yanayouzwa. Ukiileta hapa Kisumu unaweza kupata shamba zuri la majani ya pareto. Utamuuzia nani majani?

Lakini msidhani joto ni hasara ya Kisumu. Hapa dek, yaani mgagani, inaota kwa furaha, apoth, yaani mlenda, vilevile, na embe linaiva mpaka linanuka barabarani. Kule kwangu nina mteja aliyesisitiza apate mwembe. Nilimwambia. Akasema nina wivu. Leo mti ni mkubwa, mzuri, na kazi yake ni kuwekea gari kivuli. Embe linataka joto, na baridi ya Nakuru hailipi.

Wakati mwingine aina mbili za tunda moja zinatofautiana hivyohivyo. Karakara la zambarau ni la nyanda za juu. La manjano linapenda nchi ya joto. Mkulima wa karakara la zambarau anayejua kazi yake huliunganisha juu ya shina la manjano, kwa sababu mizizi ya manjano huhimili ule mnyauko unaomaliza mashamba. Kwa hiyo ukija kwangu ukaniambia tu "nipe karakara", nami nikakupa tu, sote wawili hatujafanya kazi.

Njia rahisi ya kujua? Tembea. Kabla hujanunua chochote, zunguka mtaa wako jioni moja uchungulie juu ya kuta za majirani. Usiangalie kilichopandwa mwaka huu, hicho bado kinaishi kwa nguvu za kitalu. Angalia kilichozeeka. Mti wa siala uliosimama kwenye boma la mzee tangu hujazaliwa, mpera, ogaka, yaani mshubiri, lililosahaulika kando ya choo na bado limenona: hayo yamekwisha kufanya mtihani.

Sasa tushuke chini zaidi, tufike kwenye udongo. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi, kwa sababu hapa ndipo pesa zenu nyingi zinapozikwa.

Ninyi wa Nyamasaria, wa Rabuor, wa Kano yote, mnaujua udongo wetu mweusi. Kiangazi unapasuka, nyufa mpaka mkono unaingia. Mvua ikinyesha unavimba, unanata kwenye viatu mpaka mtu anaongezeka kimo. Si udongo mbaya, una rutuba. Mpunga na miwa huupenda. Tatizo lake ni moja: maji yakiingia, yanakaa.

Kuna mwalimu mmoja mstaafu, mama mwenye bidii, sitamtaja. Alikuja kwangu akanunua miche sita ya avokado aina ya Hass, iliyounganishwa, bei si ya mchezo. Safari hiyo nilijitahidi nikamuuliza, "Mwalimu, udongo wako ukoje?" Akasema, "Usiwe na wasiwasi, nitauandaa." Na akauandaa! Akachimba mashimo futi mbili kwa futi mbili. Akaleta udongo mwekundu kwa lori. Akachanganya na samadi iliyooza vizuri. Alifuata kila kitu kama tunavyofundishwa kwenye semina. Nami nikaridhika, nilifikiri hayo yanatosha.

Mvua ndefu zikaja. Mwezi wa tano ananipigia simu, mche wa kwanza umenyauka. "Nimwagilie?" Eti nimwagilie! Wiki iliyofuata wa pili. Mpaka wa sita. Nilipokuja kumsalimu mama, nikapita kwake na jembe, tukang'oa mmoja. Mizizi myeusi, inavunjika kama tambi, na harufu ya kinamasi.

Mnajua mwalimu alichimba nini? Hakuchimba mashimo sita. Alichimba masufuria sita.

Fikirini. Udongo unaozunguka shimo ni mfinyanzi, haupitishi maji. Ndani ya shimo umetia udongo mwepesi, laini. Mvua ikinyesha, maji ya ploti nzima yanatafuta pa kwenda. Yanaingia pale laini. Yanateremka mpaka chini, yanakuta ukuta wa mfinyanzi pande zote. Yanakaa. Na mizizi ya avokado inapumua, kama wewe na mimi. Ikikaa ndani ya maji inakosa hewa, halafu ule ukungu wa majini wanaouita faitoftora unaiozesha. Kadiri ulivyoandaa shimo vizuri, ndivyo sufuria lilivyokuwa zuri.

Kwa hiyo nasema na narudia: kwenye udongo mweusi usichimbe chini, jenga juu. Jenga juu! Inua tuta, nusu mita kwenda juu, mita moja na nusu upana, utumie udongo wako uleule uliochanganywa na samadi, na mche ukae kileleni. Nyanya zetu walipanda viazi vitamu juu ya matuta, na hakuna aliyewapeleka semina. Sisi tuliosoma ndio tulioanza kuchimba masufuria.

Na hata kwa tuta, mpapai pale ni kamari. Siku mbili tatu za maji yaliyotuama zinatosha kuuangusha. Kama huna nguvu za kujenga matuta, acha kushindana. Panda vinavyofurahia. Nduma, hata usiseme. Maua ya kana, yale mekundu na manjano yenye majani mapana, yanapenda miguu ikiwa majini. Mpera huvumilia. Sesbania huvumilia na tena inaurutubisha udongo. Bustani yenye vitu vinne vinavyocheka ni bora kuliko yenye ishirini vinavyougua.

Utajuaje udongo wako ni wa namna gani? Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname. Chimba shimo kina cha sentimita 30, kama rula ya mtoto wa shule. Lijaze maji, yaache yazame yote. Lijaze tena, usimamishe rula ndani, utazame saa. Baada ya saa moja maji yameshuka chini ya sentimita mbili na nusu? Una udongo wa nduma, ukubali. Yameshuka kidogo zaidi ya hapo, vidole kadhaa? Una bahati, panda karibu chochote joto linachoruhusu. Yamekwisha kabla hujamaliza chai? Basi umehamia Nakuru.

Kwa sababu kwetu kule ni kinyume. Udongo mwingi wa Nakuru ni majivu ya volkano, mwepesi, mwezi wa pili unapaa na upepo na kuingia kwenye sahani. Maji unayomwaga asubuhi huyaoni jioni. Mwaka ule niliolewa, kwa kukumbuka nyumbani, nilipanda nduma nyuma ya jiko. Nikazimwagilia ndoo kwa ndoo, mume wangu ananitazama tu. Zote zikajikunja. Isipokuwa moja. Moja iliota pale bomba la maji ya kuoshea vyombo linapotokea, ikanenepa, ikazaa watoto. Ile nduma ilinifundisha kuliko mtu yeyote: ndani ya ploti moja kuna nchi mbalimbali. Kuna Kano ya bomba, kuna Turkana ya ukutani. Usiseme "udongo wangu" kama kwamba ni mmoja.

Kwenye udongo mwepesi, basi, ni samadi kwa wingi, ni kufunika chini kwa majani makavu, na ni kuchagua wavumilivu. Bogenvilia, kwa mfano. Wengi mnaniambia bogenvilia zenu hapa zimejaa majani bila maua. Mnazimwagilia! Ua lile asili yake ni Amerika Kusini, linachanua likipata jua kali na kiu kidogo. Mkilipendeza kwa maji na mbolea linanona, linasahau kuchanua. Tunawajua watu wa namna hiyo.

Neno moja juu ya uchachu wa udongo, halafu nitoke hapa. Niliwahi kukata vipandikizi vya haidranjia kutoka shina moja. Mteja mmoja akapeleka Kericho, mwingine akabaki nao Nakuru akimwagilia kwa maji ya kisima cha kuchimbwa. Ya Kericho ikatoa maua ya samawati. Ya Nakuru, ya waridi. Wale wawili walijuana, na wote wawili walinijia juu: nani kati yao nimemuuzia bandia? Hakuna. Udongo wenye asidi, kama ule wekundu wa nchi ya chai, unaachilia madini ya alumini ambayo ua hilo huyanywa likageuka samawati. Kukiwa na magadi, rangi hubaki waridi. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana magadi, na yana floraidi ileile inayotia meno kahawia. Majani ya drasena yakiungua ncha tu, kila jani, mwaka nenda mwaka rudi, usikimbilie dawa ya wadudu. Kinga maji ya mvua.

Jua nalo. Hapa nitawachekesha. Kijana mmoja alinijia na kitabu cha bustani cha Uingereza, kizuri, kina picha za kutamanisha. Kitabu kinasema mmea unaopenda jua upandwe kwenye ukuta unaotazama kusini. Akapanda mawaridi yake yote upande wa kusini wa nyumba, hapa hapa Kisumu. Yalipendeza mpaka Machi. Kufikia Juni yamekaa kivulini, majani yana ukungu mweupe, maua hakuna. Akadhani amelogwa. Kisumu, hata ua halinyauki bila mtu kutajwa!

Ninyi mmepita Maseno, kwenye ile alama ya ikweta, wengine mmepigia picha hapo. Uingereza, adhuhuri jua liko upande wa kusini mwaka mzima. Sisi liko juu ya paa, na linahama. Kuanzia mwisho wa Machi mpaka Septemba linaegemea kaskazini. Kuanzia Septemba mpaka Machi linaegemea kusini. Kwa hiyo ukuta wako wa kusini una nusu mwaka wa jua na nusu mwaka wa kivuli, na wa kaskazini hivyohivyo, kwa zamu. Kitabu hakikudanganya. Kiliandikwa kwa ajili ya nyumba ya mtu mwingine.

Kwetu sisi kinachotofautisha ni mashariki na magharibi. Upande wa mashariki unapata jua la asubuhi, jua la adabu. Upande wa magharibi unapata jua la saa tisa, la saa kumi, tena linapiga ukuta wa saruji, ukuta nao unalirudisha. Jirani yangu alipanda kangaga (fern) za majani laini hapo. Ziliiva kama mboga. Hapo weka ogaka, weka bogenvilia, weka kitu chenye ngozi ngumu.

Na ploti zetu hizi za hamsini kwa mia, zimezungukwa na kuta pande zote, jirani naye amejenga ghorofa. Kaa nje siku moja ya Jumapili, saa tatu, saa sita, saa tisa, uweke vijiti pale kivuli kinapofika. Halafu rudia miezi sita baadaye. Najua hakuna atakayerudia. Mimi mwenyewe nilirudia mara moja tu.

Sukuma wiki, osuga (mnavu), dek, vyote vinataka jua la kutosha, hata kama nafasi iliyobaki ni ile ya nyuma ya tangi. Ukipanda dek kivulini inarefuka kama kijana wa kidato cha pili, majani mawili na shingo.

Nimebakiwa na jambo moja, na mama mwenyekiti ananionyesha saa. Tumezungumza juu ya mmea usiopapenda mahali. Vipi ule unaopapenda kupita kiasi?

Nendeni Dunga mtazame Ziwa Viktoria. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini. Lilienezwa duniani kama pambo la vidimbwi, kwa sababu ya yale maua yake ya zambarau. Hapa lilikuta joto, maji yenye rutuba, na hakuna mdudu wa kwao wa kulila. Lilichaguliwa kwa uzuri, likakuta mahali panapolifaa kuliko kwao. Wavuvi wakashindwa kutoa mitumbwi. Ikabidi katika miaka ya 1990 waletwe fukusi ambao asili yao ni hukohuko Amerika Kusini ili walipunguze. Mkipewa ua na mtu akawaambia "hili halifi, linaota popote", msifurahi haraka. Ulizeni linaishia wapi.

Wala si wageni tu wanaofanya hivyo. Ule mti wetu wenye maua mekundu kama moto, unaobeba jina la Nandi, hapa ni fahari ya barabara. Hawaii na Fiji unahesabiwa kuwa gugu, unaingia misituni na kusonga miti ya wenyeji. Hauna tabia mbaya. Umevuka bahari tu. Na mikaratusi? Mwaka 2009 waziri wa mazingira wakati huo, John Michuki, aliagiza ing'olewe kando ya mito, maana ilikuwa ikinywa chemchemi za watu. Kilimani pakavu, penye shida ya kuni, mtu anaweza kuitetea. Kando ya kisima, hapana.

Halafu ukubwa. Mche wa fikasi kwangu una urefu wa kiganja. Unauzwa kwenye karatasi, unabebwa kwa mkono mmoja. Mizizi yake ikipita chini ya choo cha shimo au ikifika kwenye bomba la maji taka, fundi atakayekuja atakutoza mara mia ya bei niliyokuuzia. Ulizeni ukubwa wa mwisho. Mkiniuliza nitawaambia, na pengine hamtanunua. Sawa tu.

Nje kuna pikapu. Nimekuja na nduma, kana, makarakara ya manjano, mipera, na ogaka chache. Avokado nimezileta nne tu, na hizo siuzi mpaka mtu aniambie rula ilisoma ngapi. Mtu asiyejua, naomba achukue rula kwanza. Nitarudi mwezi ujao.

Yule mama wa kitambaa cha manjano pale mstari wa tatu amekuwa akitikisa kichwa tangu nilipotaja masufuria, na sasa ameinua mkono. Mama, simama. Mpeni kipaza sauti. Ulichimba mangapi?